Sanduku la Agano: tumeuliza "liko wapi" miaka mingi, leo tuulize "lilitoweka lini"

Fundi Randa

Wakuu, salaam.

Mimi ni seremala, karakana yetu iko Keko. Mwaka jana kanisa moja liliniagiza mfano wa Sanduku la Agano, lile la Waisraeli la kuwekea mbao za Amri Kumi, kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Mwinjilisti aliyeleta kazi hakuja na mchoro, alinifungulia Kutoka 25 akasema, fundi, vipimo vyote vimo humu. Na kweli vimo. Urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, kimo dhiraa moja na nusu. Dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukiihesabu kwa sentimita 45 unapata urefu wa sentimita 112 hivi, upana na kimo sentimita 67. Ni kasha la bibi harusi wa pwani, halizidi sana hapo. Mbao zake ni mshita, jamii ya migunga yetu ya nyikani. Mimi nilitumia mkongo, maana mgunga wenye ubao mpana wa kutosha sikuupata.

Kazi niliikabidhi, ila swali halikunitoka. Kile cha kwanza, alichokifanya Bezaleli kwa mikono yake, kilikwenda wapi?

Nikaingia mtandaoni. Kila uzi unaanza na mahali: liko Aksum kule Ethiopia, liko chini ya Golgotha, liko Mlima Nebo, Wamarekani wanalo. Sasa sisi mafundi patasi ikipotea hatuanzi kupekua kila kona. Tunaulizana nani aliishika mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi. Ukishapata hilo, nusu ya watu unawaondoa kwenye tuhuma. Nimekaa na Biblia miezi kadhaa kwa mtindo huo na ninaleta nilichokiona.

Sulemani anaingiza Sanduku hekaluni, 1 Wafalme 8. Mwandishi anatuambia ndani mlikuwa na mbao mbili za mawe tu, na kwamba ncha za ile miti ya kubebea zilionekana kutoka patakatifu. Huyu ni mtu aliyeona, au aliyesimuliwa na aliyeona. Baada ya hapo kimya kinaanza, na ni kimya cha ajabu.

Kuanzia Sulemani hadi Wababeli walipochoma hekalu, mwaka 586 KK, ni zaidi ya miaka 350. Katika miaka hiyo hazina ya hekalu iliguswa mara nyingi mno. Shishaki wa Misri alizoa mali katika mwaka wa tano wa Rehoboamu. Asa akachukua fedha na dhahabu iliyosalia akampelekea Ben-hadadi. Yoashi akampa Hazaeli. Yehoashi wa Israeli akambomolea Amazia ukuta wa Yerusalemu na kuchukua dhahabu yote, fedha yote na vyombo vyote vilivyoonekana katika nyumba ya Bwana (2 Wafalme 14:14, aya hii watu wanairuka kila siku). Hezekia naye akabandua dhahabu ya milangoni kumlipa Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Sanduku halitajwi hata mara moja katika uporaji huo wote.

Kisha Babeli. Someni 2 Wafalme 25 na Yeremia 52 polepole. Mwandishi anahesabu nguzo za shaba, anapima urefu wake dhiraa 18, anataja makomamanga yaliyopamba vichwa vyake, anataja bahari ya shaba, masufuria, mikasi, vijiko. Vijiko, wakuu! Kitu kitakatifu kuliko vyote, ambacho Uza alikigusa akafa, hakimo. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipowaruhusu Wayahudi kurudi, Ezra 1 inahesabu vyombo 5,400 vilivyorudishwa. Hakimo. Kitabu cha Maombolezo kinalilia kila kitu, na Sanduku hakilitaji kwa jina.

Linganisheni na siku Wafilisti walipolichukua. Eli alianguka kitini akavunjika shingo. Mkwewe akajifungua kwa uchungu akamwita mtoto Ikabodi, utukufu umeondoka. Miezi saba tu ilikuwa ile! Taifa lililolia hivyo kwa miezi saba lingenyamaza limepotea moja kwa moja?

Ndiyo maana nasema Nebukadreza alipofika, Sanduku halikuwepo tena. Na waliojenga hekalu la pili hawakuwa nalo. Pompeius, jemadari wa Kirumi, aliingia Patakatifu pa Patakatifu mwaka 63 KK, na mwanahistoria Tacitus anaandika kwamba chumba kilikuwa kitupu. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyekuwa wa ukoo wa makuhani, anasema hivyo hivyo kwamba hamkuwa na kitu ndani. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Wayahudi, inaeleza kwamba mahali pa Sanduku palibaki jiwe lililoinuka vidole vitatu kutoka sakafuni, na kuhani mkuu aliweka chetezo juu yake. Tao la Tito kule Roma linaonyesha mateka ya mwaka 70 BK: kinara cha taa, meza ya mikate, tarumbeta. Basi. Wanaosema Warumi walilibeba, au mashujaa wa Templar, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, walilichimbua, wanatafuta kitu kilichokuwa kimeshaondoka mamia ya miaka kabla ya Warumi.

Mtu wa mwisho kulitaja kama kitu kilichopo ni mfalme Yosia, 2 Mambo ya Nyakati 35:3, Pasaka ya mwaka wake wa 18, yaani 622 KK hivi. Anawaambia Walawi waliweke Sanduku takatifu katika nyumba aliyoijenga Sulemani, wala halitakuwa tena mzigo mabegani mwao.

Soma tena. Waliweke ndani? Kwani lilikuwa wapi? Mfalme haagizi kitu kiingizwe ndani kama kimo ndani. Na hakuna aya inayosema waliliweka. Agizo limeandikwa, utekelezaji hakuna. 2 Wafalme 23, inayosimulia Pasaka hiyohiyo, haitaji Sanduku kabisa.

Naomba kuwasilisha hapo kwanza. Wenye maarifa karibuni.

Kijiti Kavu

Siti ya mbele. Fundi endelea, usiache uzi huu ufe.

Nyota ya Zamu

Fundi Randa, Bwana akubariki kwa utafiti. Lakini mbona umemruka Ron Wyatt? Huyu mtumishi alilikuta Sanduku tarehe 6 Januari 1982 kwenye pango chini ya Golgotha, na damu ya Yesu ilikuwa imedondoka juu ya kiti cha rehema, yaani kifuniko cha Sanduku, kupitia ufa wa mwamba. Akaipima damu akakuta kromosomu 24. Nimefundishwa hili tangu utotoni na kila nikilisikia nalia.

Fundi Randa

Dada Nyota, sikumruka kwa dharau. Imani yako kwa damu ya Kristo ninayo na mimi, na haihitaji pango lile ili isimame.

Wyatt alikuwa muuguzi wa dawa za usingizi kutoka Tennessee. Alichimba karibu na Kaburi la Bustani, na alifariki mwaka 1999. Kuanzia 1982 hadi anafariki ni miaka 17, na hakuna picha inayosomeka aliyoileta, wala kipande cha mbao, wala karatasi ya maabara. Wasomi wa Kisabato, dhehebu lake mwenyewe, waliandika kumpinga. Na hili la kromosomu, nilimuuliza binti yangu anayesomea maabara. Akaniambia ili uhesabu kromosomu unahitaji chembe hai zinazogawanyika, kwa hiyo damu iliyokauka miaka 2,000 huwezi kuihesabu hivyo. Wyatt mwenyewe alisema damu ilikuwa hai. Sawa, ila neno zito kiasi hicho linahitaji cheti, na cheti hakipo.

Mkatekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki jibu tunalo katika Biblia yetu, 2 Makabayo 2:4-8. Nabii Yeremia alichukua hema, Sanduku na madhabahu ya kufukizia, akapanda mlima ule Musa alioutazamia urithi wa Mungu, akaviweka pangoni na kuufunga mlango. Baadhi ya waliofuatana naye wakarudi kutia alama njiani, hawakuiona tena njia. Yeremia aliposikia akawakemea: mahali hapo patabaki hapajulikani hadi Mungu atakapowakusanya watu wake. Nakubaliana na fundi kwamba Wababeli hawakulikuta. Hawakulikuta kwa kuwa nabii aliwatangulia.

Fundi Randa

Milele amina, mzee wangu. Simulizi hii naiheshimu kuliko nyingi, kwa sababu haina faida kwa msimulizi. Haisemi "tunalo sisi". Inasema hata waliokwenda kuweka alama walipotea. Kigugumizi changu ni kwamba kitabu chenyewe kinaielekeza kwenye maandishi ya zamani, na kiliandikwa zaidi ya miaka 400 baada ya Yeremia. Na kitabu cha Yeremia chenye sura 52 hakina safari hiyo, wakati kinatusimulia hadi mshipi wa kitani aliouficha kwenye ufa wa mwamba.

Wayahudi nao wana ya kwao. Talmud, kitabu chao kikubwa cha mafundisho ya marabi, inasema Yosia ndiye aliyelificha, na aya wanayoiegemea ni ileile ya 2 Nyakati 35. Mishna ina kisa kingine kinachonisisimua kila nikikisoma: kuhani mmoja wa hekalu la pili alikuwa kwenye shughuli zake akaona bamba moja la sakafu halifanani na mengine. Akaenda kumwambia mwenzake. Kabla hajamaliza maneno roho ikatoka. Wakajua kwa yakini kwamba Sanduku limefichwa pale. Bamba hilo walisema ni upande wa ghala la kuni.

Kijiti Kavu

Sasa si wachimbe pale Yerusalemu tumalize ubishi?

Fundi Randa

Walijaribu, mkuu. Mwaka 1909 Mwingereza Montagu Parker alikwenda na mshairi wa Kifini, Valter Juvelius, aliyeamini amegundua maandishi ya siri ndani ya Biblia yanayoonyesha njia. Walichimba mahandaki karibu na chemchemi ya Gihoni hadi 1911. Mwezi Aprili mwaka huo wakahonga ili waingie usiku ndani ya Haram al-Sharif kwenyewe, pale mlimani lilipokuwa hekalu. Wakafumwa, mji ukachafuka, wakakimbilia Jaffa na kutweka. Mwaka 1981 Rabi Yehuda Getz alifungua njia kutoka kwenye handaki la Ukuta wa Magharibi kuelekea chini ya mlima, likazuka pigano, serikali ya Israeli ikaziba kwa zege. Pale kila sururu ikigonga chini, damu inakaribia kumwagika juu. Nadhani ni haki paachwe.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kati ya 1899 na 1902 kikundi cha Waingereza waliojiona kizazi cha Israeli walichimba kilima cha Tara, Ireland, wakilitafuta Sanduku. Wameharibu sehemu ya urithi wa kale wa Waayalandi na hawakupata kitu. Hili linaniuma kama mtu aliyepasua kabati la babu yako akitafuta funguo zake mwenyewe.

Niliishi Piassa

Wakuu, nilifanya biashara Addis Ababa miaka sita. Naona mnazunguka Yerusalemu wakati jirani zetu wanalo. Nendeni Timkat, sikukuu yao ya Ubatizo wa Yesu, tarehe 19 Januari. Makuhani wanatoka makanisani na tabot, mfano mtakatifu wa Sanduku na mbao zake, vichwani, zimefunikwa vitambaa vya thamani, watu maelfu kwa maelfu wamevaa nyeupe, wanawake wanapiga vigelegele usiku kucha. Kila kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lina tabot, na bila tabot hilo ni jengo tu. Sasa hiyo desturi ingetoka wapi kama ile ya asili haiko Aksum? Kanisa la Maryam Tsion lina mtawa mmoja mlinzi, anachaguliwa kwa maisha yake yote, hatoki kwenye uzio, na yeye peke yake ndiye anayeliona. Taifa zima haliwezi kupiga magoti mbele ya hewa.

Fundi Randa

Kaka, umegusa sehemu ninayoiandika kwa unyenyekevu. Kwa Waethiopia hili ni ibada hai, kwa hiyo nitasema kwa adabu.

Simulizi yao iko katika Kebra Nagast, kitabu cha Kige'ez cha karne ya 14. Malkia Makeda, yule malkia wa Sheba, alimzalia Sulemani mwana, Menelik. Kijana alipokwenda kumwona baba, akarudishwa kwao pamoja na wana wa kwanza wa wakuu wa Israeli. Azaria, mwana wa kuhani Sadoki, akaongozwa na malaika usiku kulichukua Sanduku, akaacha mbao mahali pake. Menelik mwenyewe aliambiwa wakiwa njiani.

Nilipoisoma nilirudi kuwa seremala. Kiti cha rehema ni dhahabu safi, si mbao zilizopakwa. Biblia haitaji unene. Chukua sentimita 1 tu: sentimita 112 kwa 67, dhahabu yenye uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Unapata zaidi ya kilo 140, na hapo makerubi wawili hujawaweka, sanduku lenyewe hujalipima, mbao za mawe hujaziweka. Hata ukipunguza unene mara tatu, huu bado ni mzigo wa wanaume wanne wenye mabega. Kulitoa chumbani usiku kimyakimya na kulisafirisha hadi nyanda za juu za Ethiopia bila mfalme wa msafara kujua, kwa akili ya fundi inanikatalia. Wenye kuamini watasema malaika alisaidia, na Kebra Nagast inasema hivyo waziwazi. Hapo mzani wangu hauna kazi.

Jambo la pili ni muda. Sulemani ni karne ya 10 KK. Ufalme wa Aksum unainuka karibu na karne ya 1 BK, na mfalme Ezana anakuwa Mkristo karne ya 4. Kitabu chenyewe kilikuja na nguvu baada ya 1270, pale ukoo wa Yekuno Amlak uliposhika kiti na kujiita uzao wa Sulemani. Ukoo unaodai kiti ulihitaji sana simulizi ile. Na Edward Ullendorff, mtaalamu wa lugha za Ethiopia aliyekuwa huko na jeshi la Uingereza mwaka 1941, alisema miaka mingi baadaye kwamba aliingia akaona: sanduku la mbao, tupu, kazi ya zama za kati.

Ila kaka, sitaki mtu atumie maneno yangu kuwadharau. Novemba 2020, vita vya Tigray, askari wa Eritrea waliua mamia ya raia mjini Aksum. Uvumi ulienea kwamba Sanduku limeporwa, na dunia ikauliza habari za Sanduku kabla ya kuuliza habari za watu. Na tabot zao ziliporwa kweli, na Waingereza, kule Maqdala, ngome ya mfalme wa Ethiopia, mwaka 1868. British Museum inazo 11, zimefungiwa chumba ambacho hata wafanyakazi wake hawaingii kuziona. Kitu usichoruhusu mtu yeyote akione unakiwekea nini makumbushoni? Moja ilikutwa kabatini kwenye kanisa la Edinburgh, wakairudisha mwaka 2002, na Addis walijaa barabarani kuipokea. Kanisa lile lilifanya haki. Wengine wafuate.

Niliishi Piassa

Nimekuelewa fundi. Sijakubali yote, la uzito sikuwahi kuliwaza. Ila kuhusu Maqdala, asante sana.

Lori la Tunduma

Mimi ni dereva, njia yangu ni Tunduma hadi Harare. Kule kuna watu wanaitwa Walemba, wako Zimbabwe na Limpopo. Hawali nguruwe, wanatahiri, na wazee wao wanasema walitoka mahali panapoitwa Sena, wakavuka bahari. Wanasema walikuja na ngoma lungundu, ngoma ya ngurumo. Haikuruhusiwa kugusa ardhi, ilibebwa kwa miti, na asiye wa ukoo wa makuhani akiigusa anakufa. Mzee mmoja alinisimulia tukiwa tumekwama na lori siku mbili. Nilipata baridi, nikakumbuka Uza.

Fundi Randa

Kaka dereva, hii ni lulu. Profesa Tudor Parfitt aliikuta ngoma hiyo mwaka 2007 kwenye ghala la makumbusho Harare. Kipimo cha kaboni kikatoa mwaka 1350 BK hivi. Kwa hiyo si ya Bezaleli. Walemba wanasema ya kwanza iliharibika na hii ikatengenezwa kwa kiini cha ile. Na vinasaba vya wanaume wao, hasa ukoo wa Buba, vimeonyesha kweli asili ya Mashariki ya Kati. Watu hawa walitunza kumbukumbu ya safari yao kwa mdomo karne nyingi, wakachekwa, na damu ikaja kuwashuhudia. Kwangu hilo ni kubwa hata kama ngoma ni ngoma.

Mwanachuo wa Pangani

Assalaam alaykum. Nachangia kwa upande wetu. Tabuti imo katika Qur'ani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 248. Nabii wao aliwaambia Wana wa Israili kwamba alama ya ufalme wa Taluti, ambaye Biblia inamwita Sauli, ni kuwajia Tabuti, ndani yake mna utulivu kutoka kwa Mola wao na masalia ya waliyoyaacha watu wa Musa na watu wa Harun, inabebwa na Malaika. Aya haisemi liko wapi leo. Zipo riwaya za kwamba Mahdi atalitoa Antakya au katika ziwa la Tabariya, lakini wanazuoni wengi wa hadithi wanaziona dhaifu, kwa hiyo ndugu zangu wanaozisambaza wazisambaze na daraja zake. Tazameni pia: "tabuti" ya Kiarabu na "tabot" ya Kihabeshi ni neno moja.

Fundi Randa

Waalaykum salaam, ustaadh. Umeeleza kwa uaminifu, na la neno moja limenifurahisha.

Chenga Tano

CIA wamethibitisha, imetoka mwaka 2025, mnachelewa.

Fundi Randa

Mkuu, karatasi ile ni ya tarehe 5 Disemba 1988. Walikuwa wakifanya majaribio ya kumweka mtu chumbani "aone" vitu vya mbali kwa akili. Mtu nambari 032 akaeleza chombo cha mbao, dhahabu na fedha, kimefichwa chini ya ardhi Mashariki ya Kati. Hakuna aliyekwenda kukagua. Kilichovuma 2025 ni karatasi ya zamani, na haikuthibitisha chochote.

Mama Mchungaji

Fundi, nimesoma uzi wote. Nilisomea theolojia na Kiebrania nilikigusa, kwa hiyo niruhusu nikubane kidogo.

Kwanza, aliyeandika Mambo ya Nyakati aliandika baada ya uhamisho wa Babeli. Agizo la Yosia unalolijengea nyumba linaweza kuwa namna yake ya kueleza kazi za Walawi, si kumbukumbu ya siku ile. Pili, nimekuona mahali pengine ukiandika kwamba Sanduku ni kati ya vyombo vya dhahabu ambavyo Nebukadreza alivikatakata mwaka 597 KK, 2 Wafalme 24:13. Aya inasema vyombo alivyovifanya Sulemani. Sanduku hakulifanya Sulemani.

Tatu, hujatumia Yeremia 3:16, na ndiyo yenye uzito. Anasema siku zinakuja ambazo hawatasema tena, Sanduku la agano la Bwana. Halitaingia moyoni, hawatalikumbuka, hawatalitamani. Mwishoni Kiebrania kina kitenzi "asah". Biblia nyingine zinatafsiri kwamba jambo hilo halitafanyika tena. Lakini "asah" ni pia kutengeneza, na ndicho kitenzi cha Kutoka 25:10, pale wanapoambiwa wafanye sanduku la mti wa mshita. Inaweza kusomeka: wala halitatengenezwa tena.

Fundi Randa

Shikamoo mama. La 597 nimelifuta. Ulichosema ni kweli, Sanduku ni kazi ya Bezaleli na nilipaswa kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote humu.

Nimeshinda na Yeremia 3:16 tangu jana. Mteja ambaye meza yake iko sebuleni haambiwi kwamba haitatengenezwa tena. Anaambiwa hivyo ambaye meza yake imekwenda, na anakuja karakanani kuulizia nyingine. Tena sura hiyo ina tarehe, 3:6, siku za mfalme Yosia. Watu wa siku za Yosia walikuwa wakilikumbuka, wakilitamani, pengine wakizungumza kulitengeneza upya. Kwa hiyo lilikuwa limeshaondoka.

Nikatafuta upande wa nyuma, nani wa mwisho kusimama mbele yake. Hezekia, 701 KK, anaingia nyumbani mwa Bwana na barua ya Senakeribu, anaikunjua, anaomba kwa Mungu aketiye juu ya makerubi.

Mama Mchungaji

Marahaba. Hapo kuwa mwangalifu. Hekalu la Sulemani lilikuwa na makerubi wengine wawili wakubwa wa mzeituni, kila mmoja kimo dhiraa kumi. Na maneno hayo ni ya ibada, yanaweza kusemwa hata bila Sanduku.

Fundi Randa

Nakubali mama, upande ule si msumari, ni gundi tu. Upande wa Yosia ndio umeshika zaidi. Lakini ukiviweka viwili pamoja unabaki na miaka isiyofika 80, na katika hiyo 55 ni ya mtu mmoja, Manase. Huyu aliingiza sanamu ya Ashera ndani ya nyumba yenyewe, 2 Wafalme 21:7. Makuhani waaminifu walilitoa usiku wasilione Sanduku likikaa na sanamu? Au alilitoa yeye, dhahabu ikaenda Ashuru kwenye kodi na mbao zikaishia jikoni? Hilo la pili kulichapa hapa vidole vimesita.

Leo mchana nimefunga kazi mapema nikasoma 2 Nyakati 33 yote. Manase alichukuliwa kwa pingu hadi Babeli, akajinyenyekeza, Mungu akamrudisha Yerusalemu. Aya ya 15 na 16 zinaorodhesha alichokitengeneza aliporudi. Aliiondoa sanamu nyumbani mwa Bwana. Akazitupa nje ya mji madhabahu alizozijenga. Akaitengeneza madhabahu ya Bwana, akatoa sadaka za amani na za shukrani juu yake. Nimeipitia mara tatu, kidole juu ya kila neno. Sanduku halijarudishwa.